Risala ya Wanagenzi wa Ufundi Mitambo kwa Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Tano ya Kituo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Kituo,
Viongozi wetu wa dini na wa serikali ya mtaa,
Wawakilishi wa viwanda vinavyopokea wanagenzi,
Ndugu Mkuu wa Kituo, walimu, wazazi na walezi,
Wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, kwa kutujalia uhai na afya njema hata tukaweza kukutana siku ya leo. Tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo, na tunakushukuru zaidi kwa kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi, jambo ambalo hatulichukulii kuwa dogo kwa sababu utakazozisikia baada ya muda mfupi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mji wetu wa Tanga umelelewa na mashine. Mwaka 1893 ndipo ujenzi wa reli ya kuelekea bara ulipoanzia hapa, na mwaka huohuo ndipo miche ya kwanza ya mkonge ilipofika; mkonge ukaleta korona, yaani mitambo ya kukamua nyuzi za majani yake, korona zikaleta karakana, na miaka mingi baadaye vikafuata viwanda vya chokaa, chuma na saruji. Kituo chetu kilianza ndani ya bohari kuukuu la mkonge, kikiwa na benchi mbili, jiriwa nne na mwalimu mmoja aliyestaafu ufundi wa kiwandani. Leo kinatoa mafunzo ya uanagenzi ya miaka mitatu katika matengenezo ya mitambo, ambapo mwaka wa kwanza mwanagenzi hushinda kwenye benchi akijifunza kupiga tupa, kupima na kusoma michoro, na miaka miwili inayofuata hugawanya muda wake kati ya kituo na kiwanda. Mengine ya historia yamo katika kabrasha lililo mbele yako, nasi tunaomba tusikuchoshe nayo.

Katika mwaka uliopita kituo kimepata mafanikio makubwa na ya kupigiwa mfano. Wanagenzi waliifufua pampu ya maji ya zahanati ya jirani, iliyokuwa imelala tangu masika, kwa kuibadilishia beringi na sili. Wameshiriki kikamilifu katika matengenezo makubwa ya mwaka ya kiwanda kimoja, ambako waliaminiwa kazi ya kusafisha, kupaka grisi na, kuelekea mwisho, kukaza bolti za msingi wa feni kwa spana ya torki chini ya usimamizi. Timu yetu ya kuvuta kamba ilishika nafasi ya pili. Kwa ujumla tunathubutu kusema kwamba kituo hiki kinaongoza kata nzima kwa mafunzo ya ufundi mitambo, ijapokuwa haki inatulazimu kuongeza kwamba kata hii haina kituo kingine cha fani hiyo.

Pamoja na mafanikio hayo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zipo changamoto. Kamati imekubaliana mwaka huu isizipange zote kwa foleni kama ilivyo desturi ya risala, kwa kuwa uzoefu umetuonyesha kwamba orodha ndefu humpa msikilizaji nafasi ya kuchagua iliyo nyepesi. Mwaka juzi tuliomba mambo tisa, tukajaliwa kupewa mipira miwili ya miguu, ambayo tunaishukuru na ingali inatumika. Kwa hiyo leo tunaomba jambo moja, nalo ni umeme wa njia tatu, ule wa kuendeshea mota kubwa, ufike katika karakana yetu.

Ndani ya karakana hiyo, upande wa kushoto ukiingia, ipo mashine ya kukereza chuma, yaani ya kukichonga kikizunguka dhidi ya kisu, tuliyopewa na kiwanda kimoja kilichokuwa kikibadilisha mashine zake. Ni mashine nzito, nzima, yenye mota ya kilowati 7.5, na mota hiyo inahitaji umeme wa njia tatu wa volti 400. Umeme uliopo kituoni ni wa njia moja, wa volti 230, unaotosha taa, grainda za mkono na jiko la koili ambalo juu yake tunapasha mafuta ya kupashia beringi. Kwa maneno mengine, mashine tunayo na mwalimu wa kuifundishia tunaye, lakini tangu iteremshwe kwenye lori na kufungwa kwenye zege lake haijapata kuwashwa kwa umeme wa kituo. Kila Ijumaa mchana wanagenzi wa mwaka wa kwanza huifunua turubai, huzifuta reli zake kwa kitambaa, huzipaka mafuta mepesi zisishike kutu kwa hewa hii ya chumvi ya baharini, huizungusha spindo kwa mkono mizunguko michache ili beringi zake zisilale mahali pamoja, kisha huifunika tena. Wamo wahitimu mbele yako leo wanaoijua mashine hiyo kila pembe kwa kuifuta, lakini hawajakerezea juu yake hata pini.

Huenda mtu akauliza, kwa nia njema kabisa, kama fundi wa matengenezo anahitaji kweli kukereza, na kama kazi yake si kufungua na kufunga tu. Tunaomba kulijibu hilo kwa mfano wa kazini. Tanuri la saruji huchoma mchanganyiko wa mawe ya chokaa na udongo hadi kufikia nyuzi joto 1,450 hivi za Selsiasi, na klinka inayotoka humo, yaani madonge magumu yanayosagwa kuwa saruji, hupozwa kwa hewa inayosukumwa na feni. Tuchukue feni yenye shafti, yaani mhimili wake unaozunguka, ya kipenyo cha milimita 60 mahali inapokaa beringi. Kwa ukazaji, yaani jinsi beringi inavyoibana shafti, unaotumika sana kwenye kazi kama hiyo, shafti inatakiwa izidi milimita 60 kwa kiasi kisichopungua milimita 0.002 wala kisichozidi milimita 0.021, kiasi ambacho hata unywele mmoja ni mnene kukishinda. Shafti ikilika chini ya hapo, ringi ya ndani ya beringi huanza kuteleza juu yake, joto hupanda, grisi huyeyuka na kutoka, na beringi hufa. Fundi asiyejua chanzo ataweka beringi mpya juu ya shafti ileile iliyolika, nayo itakufa vilevile, na stoo italaumiwa kwa kununua beringi feki. Fundi aliyefunzwa ataipima shafti kwanza kwa maikromita, akiikuta imelika ataagiza ijazwe kwa kuchomelewa kisha ikerezwe hadi kipimo chake, na ndipo ataipasha beringi hadi nyuzi 110 hivi na kuivisha bila kuigonga nyundo. Feni ikisimama bila kutarajiwa, tanuri nalo huweza kulazimika kusimama, na tanuri lililo moto haliachwi limetulia, maana hupinda kwa uzito wake lenyewe. Sharti liendelee kuzungushwa polepole kwa mota ya akiba hadi lipoe. Gharama ya siku kama hiyo wawakilishi wa viwanda waliokaa mstari wa mbele wanaijua kuliko sisi, nasi tunaona baadhi yao wakitikisa kichwa.

Ndiyo maana viwandani mwanagenzi wetu anapoulizwa kama amekereza, na akajibu kwamba ameona mashine, hupewa fagio. Hatulalamiki juu ya fagio, kwani usafi ni sehemu ya matengenezo na uvujaji wa mafuta hugunduliwa na anayefagia. Lakini mwanagenzi wa mwaka wa tatu anayeendelea kufagia wakati wenziwe kutoka vituo vingine wakishika maikromita, anafagia kwa sababu ya nyaya ambazo hazijavutwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni, na tunaomba radhi ikiwa baadhi ya maneno yake yatakuwa yamewahi kusikika, kwa kuwa aya zinazoeleza mahitaji ya mota tumezinakili neno kwa neno kutoka katika risala za miaka iliyopita, kwa sababu hakuna kilichobadilika cha kutulazimu kuziandika upya. Katika mahafali ya pili, mgeni wetu wa siku hiyo alisimama na kusema, "Hilo limekwisha," na tulipiga makofi ambayo katibu aliyaandika kwenye muhtasari kuwa ni ya muda mrefu. Katika mahafali ya tatu tuliahidiwa kwamba nguzo zingesimama kabla ya mwaka mpya wa fedha. Na kweli, kwa haki ya aliyeahidi, nguzo zililetwa. Zililazwa kando ya barabara mbele ya lango letu kwa majuma kadhaa, wanafunzi wakazikalia wakisubiri daladala, kisha asubuhi moja lilikuja gari likazipakia na kuzipeleka mahali palipoelezwa kuwa na dharura zaidi. Mwaka mpya wa fedha ulifika Julai mosi kama ulivyo utaratibu wake. Katika mahafali ya nne, mgeni rasmi alipata udhuru, na mwakilishi wake aliipokea risala kwa mikono miwili na kuahidi kuifikisha. Hatuna sababu ya kudhani kwamba haikufika. Hatumnyooshei mtu kidole, na kwa adabu tuliyofunzwa hatutaji jina la yeyote. Tunaeleza tu mfuatano wa mambo jinsi fundi anavyoandika kwenye daftari la matengenezo, ili anayepokea zamu ajue kilichokwisha kufanywa na ambacho bado.

Sisi wenyewe hatukukaa tukisubiri. Wazazi walichanga tukakodi jenereta, mashine ikapata kuzunguka kwa siku mbili, lakini dizeli ya siku hizo ilikula fedha za muhula mzima za vifaa vya mazoezi, zikiwamo elektrodi na vyuma. Tumejaribu pia kukodi muda katika karakana ya mtu binafsi mjini, ambaye kwa wema wake huturuhusu kuingia jioni baada ya wateja wake kuondoka. Wanagenzi huenda wanne wanne kwa bodaboda, mmoja akikereza na watatu wakitazama, na wanaporudi ni usiku, jambo ambalo wazazi wa mabinti wamelikataa, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Tunaomba pia ieleweke kwamba hatuji kuomba kama watu wasio na fungu. Waajiri wenye wafanyakazi kumi na zaidi, wakiwamo wenye viwanda tunavyojifunzia, hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilipunguzwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Kulipa tozo ya ufundi halafu kupokea fundi ambaye hajagusa mashine ya kukereza ni jambo ambalo hata mwajiri mvumilivu hataelewa muda mrefu.

Makadirio ya kazi yote, yaani nguzo saba, nyaya, mita na kuboresha mfumo wa ndani wa karakana, yameambatanishwa katika kabrasha, ukurasa wa mwisho. Wazazi wameahidi kuchimba mashimo. Wanagenzi wa umeme wa kituo jirani wamekubali kusaidia mfumo wa ndani chini ya mkandarasi mwenye leseni. Kilichobaki kiko juu ya uwezo wetu.

Yapo mawili madogo ambayo Kamati imeona ni makosa kuyanyamazia, ingawa hayatangulii lile la kwanza. Mabinti wetu hurudishwa na baadhi ya viwanda kwa maelezo kwamba hakuna chumba chao cha kubadilishia nguo, nasi tunaomba neno lako kwa wenye viwanda walioko hapa. Vilevile, tunaomba kofuli na lebo za kufungia swichi kabla ya kuingia kwenye mashine, kwa kuwa kumfundisha mtu kutengeneza mtambo bila kumfundisha kwanza kuuzuia usiwashwe na mwingine ni kumweka hatarini, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikumsahau mwanagenzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wanagenzi wamekuandalia zawadi ndogo ya kishikio cha kalamu cha chuma, kilichotengenezwa kwa msumeno wa mkono, tupa na msasa. Utakiona ni cha pembe nne. Mchoro wa awali ulikuwa wa mviringo.

Kwa unyenyekevu tunaomba, utakaposimama kutujibu, usituambie kwamba umelipokea ombi letu, kwani mapokezi ya maombi yetu hayajawahi kuwa tatizo. Tunaomba ututajie tarehe, na ututajie jina la ofisa ambaye katibu wetu atampigia simu tarehe hiyo itakapopita. Tunaomba pia, baada ya kukabidhi vyeti, ukubali kuongozana na Mkuu wa Kituo kuelekea kwenye chakula. Ratiba imepangwa ili njia ipite ndani ya karakana, na turubai litakuwa limekwisha kufunuliwa.

Tunakutakia afya njema na safari salama ya kurudi.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Mahafali, kwa niaba ya wanagenzi wote