Barua kwa mwanangu Rukia

Mwanangu Rukia,

Juzi nilipokuuliza ni nani aliyewaruhusu nyinyi wanafunzi kupanga siku ya wazazi na majirani shuleni bila mtu mzima kushika usukani, ulinyamaza ukaingia chumbani. Daftari lako likabaki mezani. Nimelisoma. Niwie radhi kwa kulisoma, na uniwie radhi zaidi kwa swali lile.

Mmeandika turubai mbili, maana Mei ni masika na mvua ya Mombasa haipigi hodi. Mmeacha nafasi ya sala ya adhuhuri, na mtafunga kabla ya saa kumi ili wazazi wa Likoni wasikutane na umati wa jioni kule feri. Ni kweli, anayevuka kwa miguu halipi, lakini husimama akangoja, na kati yao kuna wazee. Hilo mimi nisingelikumbuka.

Kisha nikafika ukurasa wa chakula. Mabuyu na achari kwenye karatasi, mahamri kwenye vikapu vya ukili, kila mtu aje na kikombe chake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini vile visahani na vikombe vya kutupa bado tunavinunua kwa mafungu. Nimepika harusi nyingi hapa Mji wa Kale, na kila asubuhi ya pili yake nimeviona mitaroni vikingoja mvua ivipeleke baharini. Sikuwahi kusema kitu.

Chini kabisa, kwa mwandiko usio wako, pana hili: akina mama wanaouza viazi karai langoni wapewe meza za mbele, bila malipo, wasije wakakosa wateja kwa sababu yetu. Nililisoma mara tatu. Wale mama wamewalisha nyinyi tangu mkiwa wadogo, wengine wanawajua kwa majina. Sisi wazazi tumekaa vikao miaka yote tukizungumza karo na rangi ya kuta, wala hatujawahi kuwataja. Mwambie aliyeandika kwamba kuna mama mmoja Kibokoni amemwombea dua.

Katika kikao kilichopita mzazi mmoja alitaka kazi hii irudishwe kwa kamati ya watu wazima, nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilikosea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imempa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya shule. Itakuwaje sisi tuone ajabu nyinyi kupanga siku moja? Kikao kijacho nitasimama niseme hivyo mbele ya wote, hata mkiwa hampo.

Jambo moja tu linanitia wasiwasi: sijaona jina la mtunza pesa. Wekeni wawili, mmoja ashike, mwingine aandike, na kila jioni wahesabu pamoja. Si kwamba siwaamini. Nimeona marafiki wa tangu utotoni wakikosana kwa pesa za mchango ambazo hakuna aliyeziiba, ila hakuna aliyeziandika.

Mwombe msimamizi wa jikoni aniweke kwenye zamu ya wapishi, aniambie nifike saa ngapi na nipike nini. Akisema pilau, nitapika pilau. Sufuria kubwa ya bibi yako nimeshaitoa stoo, naisugua leo.

Mamako