Harambee ya Mwimbaji Wetu wa Besi

Wapendwa katika Bwana, nanyi majirani wa Kondele na wachuuzi wa Kibuye mnaomfahamu ndugu huyu, Bwana asifiwe.

Wengi mmeuliza: "Bega si lilipona? Harambee ya nini tena?" Ni kweli, lilipona. Ile ajali ya bodaboda ilimwangusha kwa shingo na bega, na mkono ulipoanza kushika usukani tena tulishukuru, tukafunga daftari la mchango. Kumbe ajali ile ile ilikuwa imeharibu pia pumzi yake, na ndiyo sababu ya harambee hii.

Tunapovuta pumzi, kazi kubwa hufanywa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kikishuka, mapafu hupata nafasi ya kujaa hewa. Kila upande una neva yake, yaani mshipa wa fahamu unaouendesha, inayoanzia shingoni, na ya kushoto ndiyo iliyoumia siku ile. Sasa akivuta pumzi, upande wa kulia unashuka inavyotakiwa. Wa kushoto, kwa kuwa hauna nguvu zake, unavutwa juu na kulibana pafu wakati ule ule linapotaka kufunguka.

Ndiyo maana akiketi mnamwona mzima. Akilala chali, vya tumboni husukuma kiwambo juu akaanza kuhema. Mama watoto anasema hulala ameegemea mito. Akiinama kuosha pikipiki, pumzi humkatika. Kule Dunga ziwani, maji yakimfika kifuani hutoka mbio. Na besi yake, ubeti mmoja haumalizi. Alitibiwa pumu kwa miezi, akanunua dawa ya kuvuta isiyomfaa, na wapo waliomshauri mengine ambayo sitayaandika hapa. Mambo yalijulikana eksirei ilipoonyesha kiwambo cha kushoto kimepanda, kisha akaambiwa avute pumzi kwa pua, ghafla na kwa nguvu, huku mashine ikifuata mwendo wa kiwambo. Upande mmoja ulishuka, mwingine ukapanda.

Madaktari walisubiri zaidi ya mwaka, maana neva yaweza kupona yenyewe polepole. Haikupona. Wanachopendekeza ni upasuaji kule Eldoret: kukikunja kiwambo kilicholegea na kukishona kikaze, kama fundi anavyopunguza kiuno cha suruali. Niseme wazi, asije mtu akalalamika baadaye: upasuaji huu hauamshi neva. Upande ule hautacheza tena, ila hautapanda kulibana pafu, na hapo pumzi inatarajiwa kuongezeka.

Baada ya kutoa sehemu inayolipwa na SHA, bima ya afya ya serikali, tunahitaji shilingi 420,000 za upasuaji, kitanda, mazoezi ya kupumua na nauli. Zimepatikana 138,500, zimebaki 281,500. Vijana wa steji yake ya bodaboda ndio waliotoa kwanza, kabla yetu sisi wazee wa kanisa, na hilo tulitafakari wenyewe.

Tukutane Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, uwanjani mwa kanisa. Mgeni rasmi hatuna, na hatukutafuta. Hotuba hazilipi kitanda. Asiye na pesa alete kuku, mkungu wa ndizi au debe la mahindi, tutapiga mnada. Akina mama wa Manyatta wameahidi samaki.

Namba ya M-Pesa ni ile iliyochapishwa kwenye kadi peke yake. Ukitumiwa nyingine kwenye WhatsApp, usiitumie. Ahadi zote zilipwe kabla ya tarehe 15 mwezi ujao. Risiti za hospitali zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na atakayetaka kukagua daftari aje ofisini siku yoyote baada ya maombi ya jioni.

Mweka hazina, kwa niaba ya kamati