Usiniambie tu "sawa, baba"

Mama,

Sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara tatu. Kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS umepata 6.5 ya kusikiliza na baraza la wauguzi la Uingereza linataka 7, na vilivyokuangusha ni vile vitenzi vyao vya maneno mawili mawili. Mtihani utaurudia, hilo halinitishi. Lililoninyima usingizi ni pale uliposema, "Baba, nisichokielewa huwa naitikia tu, yanapita." Wodini hayapiti, mwanangu.

Chukua "pass". Umelijua tangu shule ya msingi kuwa ni kupita ama kufaulu. Lakini "pass out" ni kuzimia, na "pass away" ni kufariki. Ukidaka "pass" peke yake kwenye simu ukajibu "yes, yes", umeitikia nini? "Bring up" ni kulea mtoto, ni kuzusha jambo mkutanini, na mgonjwa akikwambia ame-"bring up" damu, ametapika damu. Ganzi iki-"wear off" inakwisha nguvu, maumivu yaja. Ukiambiwa "he's come round", mgonjwa amezinduka. Jirani akikwambia "come round on Sunday", amekukaribisha kwake.

Na sisi je, na "piga" yetu? Twapiga simu, twapiga pasi, twapiga magoti, twapiga kura. "Kata" hali kadhalika: kata tiketi, kata tamaa, kata roho. Hakuna aliyekukaririsha hayo, uliyapata vinywani mwa watu. Kwa hiyo lile daftari lenye "put" juu na vijineno kumi chini yake liweke kando. Andika sentensi nzima, ya mgonjwa mmoja na siku moja. Hapo ndipo utakapoona kuwa "turn it off" yataka "it" akae katikati, ila "look after him" haipasuliwi. Na usikilizapo, sikio lako lisiishie kwenye kitenzi; mara nyingi mkazo wao waangukia kile kijineno cha nyuma, "off", "out", "up". Nilikwambia usikilize redio ya Kiingereza kila asubuhi, ukaniambia yakupa usingizi.

Nilipokuwa hotelini Diani, mgeni aliniambia "call off the taxi", kumbe ataka teksi isije. Nikadaka "call", nikaitikia, nikampigia dereva aje haraka. Alitoka Mombasa usiku ule wa mvua, akavuka feri ya Likoni, akakuta mgeni amelala. Nauli ilikatwa kwenye mshahara wangu. Ndio mwezi ule uliporudishwa nyumbani kwa karo, nami nikakwambia shule wamekosea hesabu.

Kuitikia huko najua pia umekutoa wapi. Humu ndani mtoto akiuliza mara ya pili nilimwambia hana adabu. Mama yako alinikanya sana. Huko uendako, uliza. Sema "sorry, what do you mean?" hata mara tatu, hata kwa daktari mkubwa, hata akununie.

Wewe ndiwe wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sare ya uuguzi. Msikitini nimeshawaambia wote kuwa waenda Leeds, Uingereza, labda nimeharakisha.

Pampu ya kisima imekufa tena. Fundi ataka elfu nane, nimemwambia angoje mwisho wa mwezi. Usitume kitu, hizo pesa ni za mtihani. Bibi yako goti limepungua uvimbe, auliza kama huko kweli watu hulala na soksi. Mdogo wako amekitamani kitanda chako, nimemkatalia mpaka siku utakayopanda ndege. Embe za nyuma zimeanza kuanguka, njoo Jumamosi uchukue.

Ukishaisoma hii nipigie, uniambie ni wapi hukuelewa. Hata kama ni pale pa karo.

Baba yako