Barua kwa mwanangu: bao limefikia wapi?

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Huku Tanga hatujambo. Mvua zimeanza na bati la jikoni limeanza tena kuvuja; fundi amekuja, ametazama juu, ametaja bei na kuondoka. Baba yako anasema atapanda mwenyewe. Umri ule!

Nakuandikia kwa sababu ya habari alizokuja nazo Hamisi kutoka kwako Dodoma. Anasema umeliacha tena lile bao lako unalotengeneza la kuchezwa kwenye simu, kwamba sasa unashusha Unreal, chombo kingine cha kutengenezea gemu, na bando la mwezi mzima limeishia humo. Nikamuuliza, bao lenyewe limefikia wapi? Akapandisha mabega. Basi nakuuliza wewe mwenyewe.

Najua utasema Mama hayajui mambo ya siku hizi. Mimi nimeandika programu za mishahara kwa lugha ya Clipper kabla wewe hujazaliwa, na watu walikuwa wakinijia dirishani mwisho wa mwezi senti moja ikikosekana. Kwa hiyo nisikilize kidogo, hata kama lugha zangu zimezeeka.

Ulianza na lugha ya Python na chombo chake cha gemu, Pygame. Ukahamia chombo cha Unity na lugha ya C#. Ukahamia Godot. Sasa Unreal na lugha ya C++. Mashimo ni yale yale 32 na kete zile zile 64, na kila unapohama unaanza tena kuchora mashimo. Mtu anayefanya kazi ya hesabu mchana kutwa, akabaki na saa mbili za usiku, anazitumia kuchora mashimo?

Nilikaa na yale mafaili uliyonitumia. Mengine sikuyaelewa, lakini hili nililiona. Kila mchezaji anasambaza kete kwenye mashimo yake 16, wewe ukayapa namba 0 hadi 15. Vizuri kabisa. Kwa anayecheza kushoto uliandika (shimo - 1) % 16, yaani baki ukigawa kwa 16. Kwenye Python, ukiwa shimo 0 jibu ni 15, kete inazunguka bila matata. Mstari huo huo ukauhamishia kwenye C#, na C# hapo inajibu -1. Shimo la -1 halipo, gemu ikawa inakufa kila mtu akicheza kushoto. Ukanipigia simu kuilalamikia Unity mpaka salio likakatika. Unity ilikosa nini? Ungeandika (shimo + 15) % 16 ingekubali Python, ingekubali C#, ingekubali hata hiyo C++ unayoikimbilia. Tatizo uliondoka nalo kwenye begi lako.

Kuondoka Unity sikukulaumu sana. Ile Septemba 2023 walipotangaza kutoza ada kwa kila gemu inapowekwa kwenye kifaa, hata makampuni makubwa yalikasirika, na mwaka uliofuata wakaifuta wenyewe. Lakini mwanangu, hata kwa wenye leseni ya bure ada hiyo ilikuwa ianze gemu ikishaingiza dola 200,000 kwa mwaka na kuwekwa mara 200,000. Bao lako liko kwenye simu tatu, na moja ni ya baba yako. Na hao wa Unreal nao wanachukua asilimia 5 ukishapita dola milioni moja. Siku hiyo ikifika nitakulipia mimi.

Sisemi Unreal ni mbaya. Ni chombo cha watu wanaotengeneza miji mizima, na majani yanayopepea na mvua inayong'aa barabarani. Inakula makumi ya gigabaiti, na laptopu yako ile feni yake inanguruma hata ukifungua barua pepe. Godot ni faili dogo, unalifungua linafanya kazi, na kwa mashine dhaifu ina namna yake nyepesi ya kuchora. Wale Waargentina walioitengeneza waliitoa bure kwa leseni ya MIT mwaka 2014, hakuna atakayekuja kukudai. Lugha yake, GDScript, inafanana na Python uliyokwisha kuijua. Wewe unatengeneza ubao wenye mashimo. Unatafuta nini kingine?

Na usiniambie shida ni lugha. Yule Eric Barone wa gemu ya Stardew Valley alikaa peke yake na C# zaidi ya miaka minne, picha yeye, muziki yeye, mpaka akaitoa mwaka 2016. Minecraft ilianza kwa Java, na kulikuwa na watu wakisema Java haifai kwa gemu. Balatro ya mwaka 2024 imeandikwa kwa Lua, kilugha kidogo cha Wabrazili. Kila mmoja na lugha yake, na zote zilimalizika. Yako?

Sasa nikwambie la baba yako, maana yeye hatakwambia. Aliichukua simu barazani akaicheza bao lako na mzee mwenzake, miwani imeshuka puani. Kwanza alifurahi. Ulivyorekodi sauti ya kete zake mwenyewe zikigonga mbao, alizitambua, akamwonyesha kila aliyepita. Mimi nilijifanya niko na kazi jikoni lakini nilisikia, na nilifurahi kuliko yeye. Halafu wakiwa bado kwenye namua, kete nyingine hazijaingia ubaoni, akateka, akasambaza, kete ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, lile shimo lake kuu, na gemu ikazichota zote ikaendelea nazo bila kumuuliza. Alirudisha simu mezani. "Nyumba yangu, mimi ndiye wa kuamua nilale au nisafiri," akasema. Hajaigusa tena.

Hapo ndipo kazi yako ilipo. Kumuuliza mchezaji: unalala au unasafiri, yaani unaishia hapo au unazichota uendelee? Vitufe viwili na swali moja. Halafu mtaji, kete zote zikishaingia ubaoni, halafu takata, kucheza bila kuteka, halafu kumwambia mtu kwa upole kwamba hapa huwezi kucheza kwa sababu kuna pa kuteka. Hayo Unreal haitakupa, na Godot haitakupa, yako kichwani mwa baba yako, na baba yako yupo hapa barazani kila alasiri. Mpigie umuulize. Akianza na habari za Pangani mwache amalize, ndiyo ada yake.

Jambo jingine dogo. Nimeona folda zako: bao_jipya, bao_jipya2, bao_mwisho, bao_mwisho_kweli. Jifunze Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako. Ni jioni moja tu ya kuumiza kichwa, na hutapoteza tena kazi kwa ajili ya flashi iliyoingia maji. Ukitaka kujaribu kitu cha ajabu, fungua tawi, yaani njia ya pembeni ya kazi ile ile, ukishindwa unarudi ulipokuwa. Kwa picha una Krita, kwa sauti una Audacity, vyote vya bure na vyote unavyo tayari, Hamisi ameniambia. Usishushe vingine.

Wewe hukuwa hivi. Vitabu ulikuwa unavimaliza. Labda kama ile kompyuta ya sebuleni ningekuachia uiharibu badala ya kuifunika kitambaa na kukufukuza, leo usingekuwa na pupa ya kila kinachotoka. Lakini hayo yamepita, na kompyuta yenyewe panya wamekwisha kula nyaya.

Ninachotaka ni bao lifunguke kwenye simu ya baba yako, acheze mpaka mwisho, mmoja ashinde. Hata likiwa baya wa sura. Ukimaliza hilo, nenda Unreal, nenda popote, sitakuuliza.

Harusi ya binti wa shangazi yako imesogezwa mbele kidogo, mchango wako nimekutolea mimi, utanirudishia ukipokea mshahara. Sare ni kitambaa cha zambarau, mimi sikukipenda lakini wameshanunua. Fundi cherehani anataka vipimo vyako kabla ya Ijumaa, na asikudanganye kwamba bado anavyo vya mwaka jana, maana mwaka jana alibana mabega. Mtumie mwenyewe kwenye simu yake, na mkono uwe mrefu.

Salamu kwa mwenzako wa chumbani.

Mama yako