Jina la daktari liwekwe ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wizara ya Afya pamoja na Baraza la Madaktari Tanganyika. Sisi wagonjwa wa Dar es Salaam tupewe haki ya kumjua anayetutibu: jina lake kamili, taaluma yake, namba yake ya usajili, na kama leseni yake ya mwaka huu ni hai.

Sheria tunayo. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 inamkataza mtu kutibu kama hajasajiliwa, na inalipa Baraza nguvu ya kumwita aliyekiuka maadili, kumwonya, kumsimamisha, hata kufuta jina lake daftarini. Daktari husoma chuoni miaka 5, kisha hufanya mwaka mmoja wa utarajali chini ya uangalizi kabla ya kupata usajili kamili. Akishaupata, leseni yake bado huhuishwa kila mwaka. Yote hayo ni mazuri, ila mlalamikaji anatakiwa aje na jina, na jina ndilo mgonjwa asilokuwa nalo.

Shemeji yangu anaishi Mbagala. Alipandisha homa, akaenda zahanati ya jirani na kuchomwa sindano ya paja. Paja likavimba, likatunga usaha, ikabidi akapasuliwe hospitali kubwa. Tulirudi pale zahanati kuuliza aliyemchoma ni nani na dawa ilikuwa ipi. Tukaambiwa dokta huyo huja kwa zamu, leo hayupo. Dada wa mapokezi alimfahamu kwa jina moja tu, la utani. Kwenye cheti palikuwa na saini isiyosomeka. Mpaka leo hatujui kama alikuwa daktari, tabibu, au kijana aliyejifunza kuchoma sindano kwenye duka la dawa. Sidai kwamba alikosea, maana jipu la sindano laweza kumpata hata aliyehudumiwa vizuri. Kilichotuuma ni kukosa mtu wa kumuuliza.

Wenye umri wetu tunakumbuka tulikotoka. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia watu binafsi kuendesha hospitali kwa faida, na mwaka 1991 ikarekebishwa, milango ikafunguliwa. Zahanati zikaota Manzese, Tandika, Gongo la Mboto, na nyingine zimetuokoa usiku wa manane wakati hospitali ya serikali iko mbali. Lakini leo daktari yuleyule asubuhi yuko serikalini, jioni yuko kwa mtu binafsi, na nafasi anayoiacha wazi hujazwa na yeyote aliyevaa koti jeupe. Hapo ndipo vishoka wanapopenya.

Makosa ya hospitali kubwa hatimaye hujulikana. Mwaka 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Magazeti yaliandika, nchi nzima ikashtuka. La zahanati ya uchochoroni nani ataliandika?

Mwenye duka Kariakoo hutakiwa kuweka leseni yake ya biashara mahali inapoonekana. Kwenye zahanati nyingi nilizoingia nimeona cheti cha usajili wa kituo, lakini cha mtu aliyekaa nyuma ya meza, aliyeshika kalamu ya kuniandikia dawa, sijakiona. Nataka kila kituo, cha serikali na cha binafsi, kibandike mapokezi orodha ya wanaotibu siku hiyo pamoja na namba zao za usajili, na jina hilo liandikwe kwa herufi zinazosomeka kwenye cheti cha mgonjwa.

Najua wapo madaktari watakaohofia kuandamwa na ndugu wa marehemu wenye hasira. Hofu hiyo naielewa, na madaktari hao wanastahili kulindwa na polisi na uongozi wa hospitali. Ila ndugu mwenye hasira ni hatari zaidi akikosa pa kupeleka shauri lake. Daktari aliyesota miaka yote ile kupata usajili ndiye anayepata hasara pale kishoka anapoitwa dokta kama yeye.

Vilevile, kanuni za maadili ya madaktari zibandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini, basi na haki za mgonjwa zisomeke na mama lishe wa Temeke. Chini yake iandikwe namba ya simu ya Baraza, na atakayeipokea aeleze malalamiko yanaanzia wapi.

Waganga wakuu wa halmashauri zetu 5 hawana sababu ya kungoja sheria mpya. Waanze na ukaguzi ujao: kituo kisicho na orodha kipewe wiki mbili, na kikikaidi kisitibu mtu mpaka kiibandike.

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam