Mwanaisha, kura yako bado iko huku Dandora, Nairobi

Mwanaisha dada yangu,

Habari za Mikindani huko Mombasa, na mama anaendeleaje na ile miguu? Sisi tuko. Ile voisi yako ya wiki jana niliisikiliza nikiwa kwa foleni ya kliniki nikasema hii siwezi kuijibu juujuu, nitamwandikia nikitulia, na leo ndio nimetulia, watoto wamelala, madirisha nimefunga na nimeweka kitambaa chenye maji chini ya mlango vile tulikuwa tunafanya na wewe hapa Phase 4, ile kanga yako ya zamani unaikumbuka.

Uliniuliza kama moshi umepungua. Haujapungua. Jumanne usiku walichoma nyaya huko jaani, kwa lile jaa la taka letu, wakitoa shaba, ile harufu ya plastiki unaijua inavyokwama kooni, saa nane mwanangu Ian akaamka anavuta pumzi na mabega, hapa chini ya shingo panaingia ndani kila akivuta, nikampa inhela mara mbili haikushika, tukatafuta boda mpaka kliniki akawekwa nebulaiza. Asubuhi nikaenda kuanua shati lake la shule, nilikuwa nimelifua jioni likiwa jeupe kabisa, napitisha kidole kwa kola kinatoka cheusi. Nikalifua tena. Nimechoka kufua nguo safi, Mwanaisha.

Na ndio maana bado naenda kwa ile mikutano ya kina mama ya kupigania hewa safi, na siendi kupoteza jioni vile shemeji anafikiria. Kuna kitu nilionyeshwa huko nikakasirika wiki nzima. Katiba yetu ya 2010, kwa lile Jedwali la Nne mwisho mwisho, imeandika kazi za kaunti moja moja, na moja ni kudhibiti uchafuzi wa hewa. Imeandikwa! Kwa mstari mmoja na kelele na mabango ya matangazo. Mabango wanajua kuyafuata, mtu akiweka bango kwa duka lake bila kulipa anaona kanjo, askari wa kaunti, wamefika, lakini hewa iko kwa mstari huohuo na hakuna mtu amewahi kubisha mlango wangu kuniuliza mtoto anapumua vipi. Miaka yote hii mimi nilidhani hii ni kazi ya serikali kubwa, ya waziri sijui nani, kumbe inaanzia kwa MCA wetu, mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, na kwa gavana, watu wanaokuja hapa kwa miguu kuomba kura.

Sasa kumbuka 2022. Kumbuka ule mkutano wa pale stejini kabla ya tarehe 9 Agosti, tulikuwa mimi na wewe mbele kabisa. Tuliuliza nini? Basari, taa za mulika mwizi, mtaro wa nyuma ya ploti. Yote mambo ya maana, lakini hakuna hata mmoja wetu aliuliza moshi, na ulikuwa unatupita puani tukiongea. Mtu ambaye hajaulizwa kitu haahidi, na asichoahidi huwezi kumdai. Hilo limeniuma kuliko yote.

Najua utaniambia mahakama ziko, kwa sababu nyinyi wa Mikindani mna kile kijiji cha Owino Uhuru na mliona kwa macho. Ni kweli, na ile hukumu nililia nikiisikia kwa redio, Desemba 2024, Mahakama ya Juu kusema watu walipwe zile shilingi bilioni 1.3 kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi ya kile kiwanda cha betri. Phyllis Omido, yule mama aliyeongoza vita hivyo, na wale majirani hawakuchoka, Mungu awabariki. Lakini hebu hesabu. Kesi ilipelekwa 2016, kiwanda kilikuwa kishafungwa 2014, na risasi ishaingia kwa damu ya watoto kabla ya hata wakili mmoja kufungua faili. Mahakama inafika mtu akiwa mgonjwa tayari. Na hata huku kwetu, Julai 2021 mahakama ya mazingira iliamuru hili jaa lifungwe ndani ya miezi sita, na jana nimeona malori yakiingia kama kawaida. Jaa ambalo lilianza miaka ya sabini, likatangazwa limejaa 2001, na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wakapima watoto 328 hapa 2007 wakakuta karibu nusu wana risasi nyingi kwa damu. Wale watoto leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao hapahapa.

Kwa hiyo mimi nimeona amri peke yake haitoshi kama hakuna pesa na hakuna mtu anaogopa kupoteza kiti. Pesa inakaa kwa bajeti ya kaunti. Makadirio yanapelekwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na kabla yapitishwe ni lazima wananchi wasikizwe, sisi tulienda mwaka huu kwa mara ya kwanza, tukapewa kitabu kizito cha Kiingereza mlangoni na dakika mbili za kuongea. Nilisimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka lakini nilisimama nikauliza ni wapi wameandika kupima hewa ya Dandora na ni wapi wameandika kituo cha kuchambua taka, kwa sababu sheria ya taka ya 2022 inasema kaunti iwe na vituo hivyo. Yule aliyekuwa mbele aliandika kitu kwa karatasi akaniambia asante mama, ijayo. Pia tumeandika maombi rasmi kwa bunge la kaunti, sheria ya kaunti ya 2012 inampa mwananchi yeyote haki hiyo, tumejaza madaftari mawili ya kurasa 96 sahihi tupu. Kuna ofisi moja ilituzungusha miezi mitatu mara njoo Alhamisi mara faili haionekani, sasa tunabeba nakala na tunapigiwa muhuri tukiwa hapohapo.

Na usifikiri tunataka vijana wa jaani wafukuzwe. Wale wa nyaya ni watoto wetu, mmoja ni yule alikuwa anakubebea maji, mdogo wake Njeri. Nilimuuliza kwa nini unachoma, akaniambia mnunuzi anataka shaba tupu na yeye hana mashine ya kumenya waya. Basi hicho kituo kikijengwa kiwe na mashine ya kumenya na yeye aajiriwe pale, tumeandika hivyo kwa maombi, kipengele kizima. Sheria ya kumkamata bila kumpa kazi nyingine itafanya achome saa tisa usiku badala ya saa nne, na sisi ndio tutavuta.

Sasa nikuombe kitu. Jina lako bado liko kwa daftari la kura huku Embakasi Kaskazini, na wewe huna nauli ya kuja Agosti 2027 na mimi sitaki uache mama peke yake. Hamisha kura. Nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya Jomvu na kitambulisho chako, na usingoje mwisho kwa sababu foleni unazijua. Nitapoteza kura moja ya hewa hapa lakini hiyo ikihesabiwa huko ni afadhali kuliko ikae bure. Na yule atakayekuja kwa mlango wenu na leso, kabla hujaipokea muulize kuhusu viwanda na malori ya hapo Changamwe, muulize mbele ya watu, mwambie aseme atatenga pesa ngapi na mwaka gani, na umrekodi kwa simu. Sisi hapa tumekubaliana kila mgombea wa MCA ataulizwa hivyohivyo, mpaka wale wa chama changu, sitamwonea mtu haya.

Nipigie ukishahamisha. Ile sweta ya mama nimeimaliza, natuma na basi la Ijumaa usiku, uichukue Jumamosi asubuhi Mwembe Tayari. Usiianike karibu na barabara.

Mimi rafiki yako,
Mama Ian