Kabla ya mlio wa kupima: kwa nini tunakaa muda mrefu na geini ya maiki

"Fundi, spika zipo, maiki ipo, kompyuta imewaka. Mnasubiri nini?"

Aliyeuliza ni mzee wa kanisa, kwenye ukumbi mmoja wa ibada pale Ilomba, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa amejifunika koti zito, na sisi tulikuwa tumemtoa kitandani ili atufungulie mlango. Alistahili jibu la maana. Na kwa kuwa swali hilo tunaulizwa karibu kila tunapokwenda kupima sauti ya ukumbi, acha tulieleze hapa kwa utulivu.

Ukumbi wake una ugonjwa wa kumbi nyingi mpya za Mbeya: vigae chini, gipsamu juu, vioo virefu pande zote mbili. Unapendeza macho, ila mahubiri hayasikiki. Neno la kwanza halijafa, la pili limeshaingia juu yake. Walishabadilisha spika mara mbili bila nafuu. Kabla hawajanunua spika za tatu, tukawaomba tupime kwanza.

Kupima kwenyewe hakuchukui muda. Spika inatoa mlio mmoja unaoanza chini kabisa kama ngurumo ya mbali, unapanda taratibu mpaka unakuwa kama mbu sikioni, yaani kutoka hezi 20 hadi hezi 20,000. Maiki inaurekodi, programu inaupiga hesabu, na unapata mchoro unaoonyesha ukumbi unafanya nini na kila sauti. Programu tunayotumia ni REW, ambayo inapatikana bure. Lakini programu haina masikio. Inaamini chochote ilicholetewa na maiki, na ukiipa uongo itakuchorea uongo huo kwa rangi nzuri.

Uongo wa kwanza unatokana na geini, yaani kiasi cha kuikuza sauti ya maiki inapoingia kwenye kompyuta, ikiwa kubwa mno. Kwenye mitambo ya kidijitali sifuri ndiyo dari, na chini yake tunahesabu desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa hasi. Sauti ikifika kwenye dari inakatwa kichwa, kama mti uliopitishwa msumeno. Unaweza usiisikie kwa sikio, kwa sababu inakatwa sehemu ndogo tu ya mlio. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo ndogo mara nyingi ndiyo tuliyokuja kuitafuta. Ukumbi wenye kuta ngumu zinazotazamana huwa na besi fulani unayoikuza kuliko nyingine zote, na mlio ukipita hapo maiki inapokea desibeli 10 au zaidi juu ya kiwango cha kawaida. Ukikata kilele hicho, mchoro utaonyesha kilima kidogo mahali penye mlima.

Ndiyo maana hatusukumi sindano karibu na sifuri. Tunapiga kelele ya majaribio, ile inayofanana na maji ya maporomoko, tunaiacha isimame karibu na hasi 20, kisha tunapitisha mlio mmoja wa kujaribu na kuangalia kilele chake kimefika wapi. Kikiwa kati ya hasi 18 na hasi 12, tunashukuru na kuacha. Kuna mafundi wanaodhani hiyo ni sauti ndogo. Kwa vifaa vya zamani vya kanda wangekuwa na haki. Intafesi za leo za biti 24, yaani vifaa vinavyoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta, zina nafasi kubwa sana chini, hakuna unachopoteza kwa kubakiza hewa hapo juu.

Uongo wa pili ni mgumu zaidi kueleza, na ndio uliotuumiza sisi wenyewe.

Mwaka wetu wa kwanza wa kazi hii tulipima ukumbi ulio kando ya barabara ya TANZAM, upande wa kuelekea Uyole. Ilikuwa saa nne asubuhi. Sauti ilionekana ndogo kwenye kompyuta, tukapandisha geini. Mstari ukapanda vizuri, tukaridhika. Majibu yakasema besi inakaa ukumbini sekunde 4.8 kabla ya kufa, tukampa mteja karatasi. Alikuwa ameshaanza kutafuta fedha za paneli nene za kunyonya besi, ukuta mzima wa nyuma, tulipoketi kuutazama mchoro tena na kuona mkia wake, yaani sehemu ya mwisho ambapo sauti inapaswa kufifia, haushuki. Umelala bapa. Yale hayakuwa makosa ya ukumbi, yalikuwa malori ya Tunduma yakipanda mlima kwa gia ndogo. Tulirudi alfajiri kwa gharama zetu, tukapima upya, ikaja sekunde 2.3. Tulimwomba radhi ana kwa ana, na tangu siku ile hatujampa mtu karatasi kabla ya kuutazama mkia.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo sasa tunalirudia kwa kila kijana anayejiunga nasi: geini haiongezi ukweli. Ukiipandisha, mlio unapanda, na lori linapanda nalo kwa kiasi kilekile. Pengo kati yao halibadiliki hata chembe, na pengo hilo ndilo tunalohitaji.

Tazama hesabu. Muda wa mwangwi ni muda ambao sauti inachukua kushuka desibeli 60. Hakuna ukumbi wa kawaida utakaokupa pengo la 60 zima, kwa hiyo tunapima kipande cha mteremko na kukirefusha kwa hesabu. Kipimo kiitwacho T20 kinatumia mteremko wa desibeli 20, na kanuni za kimataifa zinataka sauti ianze angalau desibeli 35 juu ya kelele ya ukumbi. T30 inataka 45. Sasa, spika yako ikitoa desibeli 85 pale maiki ilipo, na ukumbi una kelele ya 55 kwa sababu ya barabara, pengo ni 30. Hata T20 haifiki. Ukumbi uleule alfajiri ukiwa na kelele ya 36, pengo ni 49, na T30 inapita. Geini haikuguswa popote katika hesabu hiyo.

Kinachoongeza pengo ni vitu vitatu tu: spika ipige kwa nguvu zaidi bila kuumia, ukumbi unyamaze, au mlio urefushwe. Kila ukiufanya mrefu mara mbili unapata takriban desibeli 3 za faida. Cha pili ndicho cha bei rahisi, ndiyo maana tunamwamsha mzee wa watu usiku.

Wala kupima usiku hatukuanza sisi. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilimpa mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, kazi ya kutafuta dawa ya ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki, neno likikaa hewani zaidi ya sekunde 5. Alitumia filimbi ya kinanda, saa ya kuhesabia sekunde na masikio yake, akabeba matandiko ya viti kutoka jumba jingine na kuyapanga humo moja baada ya jingine. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, kwa sababu alikuwa akihesabu mpaka sauti ipotee sikioni, na penye kelele sauti hupotea mapema. Elimu yote ya mwangwi tunayoitumia leo imeota pale.

Tuje kwenye simu. Wateja wengi hututumia voisi noti ya WhatsApp, "sikiliza ukumbi wetu ulivyo." Tunaisikiliza, inatupa picha ya mwanzo. Lakini haiwezi kuwa kipimo. Simu imetengenezwa isikie mdomo wa mtu: sauti ikiwa ndogo inajipandisha yenyewe, ikiwa kubwa inajishusha, na mwangwi inaudhani ni uchafu na kuufuta. Mchezo huohuo upo kwenye kompyuta nyingi, umefichwa ndani ya mipangilio ya sauti kwa jina la kuboresha. Tusipouzima, geini inatembea wakati mlio unaendelea, na mchoro wote unapinda. Huwa tunauzima, kisha tunapitisha mlio uleule mara mbili. Mistari miwili ikilaliana kama mmoja, tunaendelea. Baada ya hapo hakuna anayegusa geini mpaka tumalize nafasi zote za maiki, kwa sababu ukiisogeza kidogo tu, viti vya mbele na vya nyuma havilinganishiki tena.

Kwa hiyo ukituita, tutakuomba mambo haya. Feni, friji ya duka la pembeni na jenereta vizimwe. Umeme ukiwa umekatika tunakuja na betri zetu. Viti vibaki mahali pake. Kwaya isiwe mazoezini. Mvua ikianza kupiga bati tunafunga vifaa na kurudi siku nyingine, bila kukudai nauli ya pili. Ndugu zetu wa Tukuyu tunawashauri wasubiri miezi ya kiangazi, maana kule mawingu hayana ratiba.

Mzee wa Ilomba tulimwonyesha kompyuta. Tulimwomba asimame kimya, akaona mstari wa kelele umelala chini kabisa. Kisha akasogeza kiti chake kwenye kigae, sentimita chache tu, akaona mstari ulivyoruka. Akaketi, akafunga zipu ya koti, akasema, "Endeleeni, siamki tena." Mlio wa kwanza tuliupiga saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kilele kikasimama kwenye hasi 14. Kabla daladala hazijaanza kuita abiria tulikuwa na nafasi sita za maiki, na mikia yote sita imeshuka mpaka chini.